Mgeni Asiyeulizwa Safari Yake

Tulipomzika shangazi yangu Milembe, mwezi uliopita, Nora alifika wakati watu wameshatoka makaburini na wanarudi nyumbani kula. Vijana wa kamati walipomwona mzungu mwenye mvi anateremka kwenye gari walikimbia kumtafutia kiti cha plastiki, kile chenye mikono, wakakiweka chini ya turubai karibu na diwani. Hakukikalia. Aliwaamkia wazee kwa kupiga goti moja, maana siku hizi magoti yake hayamruhusu kupiga yote mawili, kisha akainama mlangoni mwa jiko akaingia kwenye moshi, akakaa chini na wanawake waliokuwa wanapakua. Ndipo tukasikia kilio chake. Kijana mmoja wa kamati alibaki ameshika kiti kile hajui akirudishe wapi. Binti yangu mkubwa, ambaye kazaliwa mjini na anapenda kila kitu kiwe na maelezo, akaninong'oneza, "Mama, yule mzungu ni nani wetu?" Nilifungua mdomo nimjibu, nikaona jibu lenyewe ni refu kuliko msiba. Nikamwambia ale kwanza.

Habari za ukoo nawaachia wazee wenye pumzi nazo. Itoshe kusema kwamba mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu yametoka yamenuna, na nilikuwa nakaa kwa shangazi katika kijiji kilicho kando ya barabara ya kutoka Bariadi kwenda Lamadi. Simiyu haikuwa bado mkoa; tulikuwa watu wa Shinyanga. Mume wa shangazi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akamwachia shamba la pamba, ng'ombe wachache, na kaya ya nyumba tatu ndani ya uzio wa minyaa. Nyumba ya kwanza tulilala sisi. Ya pili ilikuwa ya marehemu mwenyewe, alikopokelea watu wake, na tangu azikwe ilifungwa. Ya tatu lilikuwa jiko, la udongo, la mviringo, lenye mlango mfupi kiasi kwamba hata mimi, ambaye sijawahi kuitwa mrefu, niliingia nikiwa nimeinama. Ndani yake palikuwa na mafiga, mitungi miwili ya maji, na kitanda cha fito ambapo kuku walitaga bila kumwomba mtu ruhusa. Nimepita kwenye nyumba nyingi tangu hapo, nyingine zina vigae mpaka ukutani, lakini nikisema neno nyumba bila kufikiri, picha inayonijia ni ya jiko lile.

Shida ya shangazi ilikuwa shemeji yake, Mzee Masunga, mdogo wa marehemu, ambaye kaya yake ilikuwa ng'ambo ya kijito. Sitaki kumsema vibaya mtu ambaye naye ametangulia. Hakuwa mkorofi. Alikuja kila baada ya siku chache, akakaa pale shikome, pale pa moto ambapo wanaume wa kaya huota jioni na kula pamoja, ingawa moto wenyewe ulikuwa umezimika tangu matanga. Mimi nilijifanya naokota kuni ili nisikie. Alikuwa anamwambia shangazi, kwa upole kabisa, kwamba kaya isiyopokea mtu ni uzio tu, kwamba mwanamke peke yake hawezi kushika shamba lile, na kwamba angemjengea chumba kizuri kwake, nyuma ya ghala, akae kwa raha. Shamba wangeliunganisha. Wazee wa ukoo wangekuja pamba ikishachumwa, wakae, waamue. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia chakula kipo tayari. Masunga akajibu kwamba ameshiba. Alikuwa anashiba kila siku mtu yule. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuwa anakataa ugali bali kaya yenyewe, kwa sababu ukishakula kwa mtu na kumshukuru, huwezi tena kusimama mbele za watu useme kwa huyo hakuna kaya.

Wazo la wageni lilitoka kwa Mwalimu Lukasi, mstaafu wa mjini Bariadi aliyekuwa haishiwi mawazo. Alikuwa na jamaa zake waliopeleka watalii Serengeti, na alisema wapo wazungu ambao, wakishatosheka na simba, wangependa kuona jinsi mkulima anavyoishi, walale kwake, wale anachokula. Kaya nyingine mbili alizoziendea zilimcheka. Shangazi hakucheka. Alifungua nyumba ya marehemu siku hiyohiyo, tukaikandika upya, tukaipaka chokaa juu na udongo mwekundu chini, tukaazima kitanda cha mbao kwa katekista na shuka zenye maua kwa mke wa mwenyekiti wa kijiji. Nilimwuliza kwa nini anahangaika hivyo. Aliniambia kwamba wazee wakija wakati wa pamba anataka wakute nyayo za watu uwanjani. Shangazi alikuwa anaogopa kile chumba cha nyuma ya ghala kuliko kifo.

Nora alikuwa wa kwanza, na alikuwa peke yake. Aliletwa mwezi wa tatu katikati ya mvua kubwa, gari likakwama mtoni, akaja kwa miguu na begi kichwani kama sisi, ameloa chapachapa, anacheka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye uso uliobabuka kwa jua, na alijua Kiswahili kwa sababu zamani aliwahi kuwa muuguzi katika hospitali moja ya misheni kule Tabora. Kwao Ayalandi, alituambia, walikuwa na shamba, na mama yake alipokea wageni miaka yote, watu wa mijini waliokuja kula mkate wa nyumbani na kusikiliza mvua. Shangazi alisikia neno moja tu katika hayo yote: kwamba mama yule alikuwa bingwa wa wageni. Basi akaamua kwamba hatashindwa na mwanamke wa Ayalandi.

Tulimkirimu Nora mpaka akakaribia kuugua. Asubuhi chai ya maziwa na mayai, mchana wali kwa kuku, jioni wali kwa kuku. Alikalishwa kwenye kiti chenye mto wa kufuma, mezani, peke yake, mbele ya nyumba ya marehemu, na mimi nilisimama pembeni na birika la maji ya kunawa. Akishika ufagio, shangazi anamnyang'anya. Akisema aende shambani kupalilia, anaambiwa jua kali. Siku moja alikuja mpaka mlangoni mwa jiko akachungulia, nasi tulikuwa tumezunguka sufuria ya michembe, viazi vile vilivyokatwa vipande na kukaushwa, tunavitafuna na chai ya rangi. Shangazi alifunika sufuria kwa upande wa kanga kama mtu aliyefumaniwa. Mgeni kuona michembe yako! Alimrudisha kwenye kiti chake kwa maneno matamu, na siku hiyo akachinjwa jogoo ambaye hata mimi nilikuwa namheshimu. Leo nikikumbuka nacheka, lakini nilimwona Nora usoni alivyokuwa akirudi kwenye kile kiti. Alionekana kama mtoto aliyekatazwa mchezo.

Na hakuondoka. Hapo ndipo kisa kilipo. Mwalimu Lukasi alikuwa ametuambia atakaa kidogo, kisha yeye mwenyewe akaenda Mwanza kwa matibabu, na kidogo yenyewe hakuna aliyejua mwisho wake. Kwetu mgeni haulizwi safari yake. Unaweza kumwuliza habari za kwao, za mvua, za ng'ombe, hata za meno yake kama yanamuuma. Lakini ukimwuliza unaondoka lini, umeshamfungulia lango na kumshikisha begi. Wiki zilipita. Kuku walipungua mpaka waliobaki wakaanza kujificha. Mimi nilijaribu ujanja wa kidato cha nne: nilimwambia Nora kwamba siku hizi barabara ya Bariadi inapitika vizuri sana, maji yamepungua mtoni, magari yanapita tu. Akafurahi, akasema hizo ni habari njema kwa wenye kupeleka mazao sokoni. Shangazi alinisikia. Alinivuta nyuma ya jiko na kunisema mpaka masikio yakawaka, kwamba nimetaka kumvunjia nyumba yake mbele ya mgeni. Wakati huohuo Nora, kama alivyokuja kutueleza baadaye, alikuwa anangoja aulizwe. Kwao mwenye nyumba humwuliza mgeni atabaki siku ngapi, akapanga vyumba vyake. Alipoona haulizwi, alidhani ameambiwa kwa kimya kwamba abaki.

Kisha likaja neno kutoka kwa Mwalimu Lukasi, aliyekuwa amerudi na nguvu zake: wageni wanne walikuwa wanatoka Serengeti kwa njia ya Lamadi na wangefika kwetu Jumamosi. Kama wangeridhika, wangefuata wengine mpaka wakati wa pamba. Kama wangekosa pa kulala, jamaa zake wangeipeleka biashara ile kwingine na wasingeturudia. Nyumba ya wageni ilikuwa moja, na ndani yake alikuwa Nora na shuka zake zenye maua. Masunga alizipata habari hizo kabla hata hazijapoa. Alikuja akakaa shikome, akatoa suluhisho lake: kama shangazi anaona haya, yeye kama mwanamume wa ukoo atamwambia yule mzungu aende. Shangazi alisimama. Sijawahi kumwona amesimama namna ile mbele ya shemeji yake. Alimwambia, "Siku utakapomfukuza mgeni wangu, shemeji, ndiyo siku utakayokuwa umenitoa na mimi." Masunga akavaa kofia yake akaondoka, bila shaka ameshiba. Usiku ule shangazi alijigeuzageuza kitandani, na mimi nilijua anachokipima: akimwambia Nora aondoke ameivunja kaya kwa mdomo wake, na asipomwambia wataivunja wazee.

Asubuhi yake alinituma nikamwite Nora aje jikoni. Nilidhani nimesikia vibaya. Nora alikuja, akasimama mlangoni kwa adabu akisubiri kurudishwa, na shangazi akamwambia ainame aingie. Alimwonyesha kigoda kifupi, kile changu. Akamwekea mbele sufuria ileile ya michembe, bila sahani, bila kijiko, bila maji ya kunawa kushikiwa na mtu. Nora alinitazama mimi, akamtazama shangazi, na rangi ikamtoka. Aliuliza kwa sauti ndogo kama amekosea jambo.

"Hujakosea," shangazi alisema. "Kuku wamekwisha, na mimi nimechoka kukupokea kila siku kama ulifika jana. Mgeni siwezi kumwambia ahame. Mwanangu naweza kumwambia ahamie chumba hiki au kile. Ulikuja na mvua. Kwetu mtoto aliyekuja na mvua anaitwa Kabula. Kula, Kabula, halafu ukatoe vitu vyako kule, Jumamosi tuna wageni."

Nora hakula mara moja. Alikaa ameshika kipande cha kiazi, machozi yanamtiririka, na hakujaribu kuyafuta. Ndipo akatueleza ambacho hatukuwahi kumwuliza. Mama yake alikuwa amefariki mwaka huo, shamba limekwenda kwa kaka yake kama desturi yao ilivyo, na kaka ameoa. Jiko alilopikia tangu msichana lilikuwa sasa la mwanamke mwingine. Hakufukuzwa, alisema, alikuwa anakaribishwa. Kila alipofika mlangoni walimwambia aketi, wasimsumbue, wamletee chai. Shangazi alikuwa amemsikiliza akiwa amesimama. Akakaa. Alisema neno moja tu la Kisukuma, "Ng'wana wane," mwanangu, na wote watatu tukala michembe mpaka sufuria ikabaki nyeupe. Sijui kama nimewahi kula kifungua kinywa kilichonishibisha kama kile.

Kuanzia hapo Nora akawa mtu mwingine. Alilala na sisi, akachota maji, akaungua vidole kwenye mafiga, akagombana na mimi kuhusu zamu ya kuosha vyombo. Wageni wanne walipofika Jumamosi yeye ndiye aliyewatokea langoni, na hapo yakatokea mabishano ambayo yangestahili baraza. Nora alitaka wapelekwe moja kwa moja jikoni, wakae karibu na moto, wapewe chai hukohuko moshini. Kwao, alisema, mgeni aliyewekwa sebuleni anajua hapendwi. Shangazi alisema kwetu mgeni aliyewekwa jikoni anajua amedharauliwa. Walibishana kwa kunong'ona, wageni wakiwa wamesimama na mabegi yao. Mwisho walipatana: kwanza uwanjani, kwenye viti, maji ya kunawa na salamu zote mpaka ziishe, kisha jikoni. Nora aliwaokea mkate wa kwao kwa unga wa ngano, magadi na maziwa yetu ya mgando, akauchora msalaba juu, akaufunika kwenye sufuria na kuweka makaa juu ya kifuniko. Shangazi aliuonja akasema unakosa usingizi wa kutosha, maana haukusubiriwa uumuke, lakini akachukua kipande cha pili. Wageni wale waliketi chini kwenye jiko letu wakala mkate na michembe, mmoja akadonolewa na kuku wa mwisho aliyekuwa anatamia, na hakuna aliyetaka kwenda kulala kwenye shuka zenye maua. Walifuata wengine, na wengine. Nyayo zikajaa uwanjani.

Wazee wa ukoo walikuja pamba ikiwa inachumwa, mikono yetu imejaa mikwaruzo. Walikaa shikome, na moto ulikuwa unawaka. Masunga alisema yake, vizuri, bila ukali. Alisema wageni wa kulala na kuondoka si ukoo, ni kama ndege kwenye mti. Kaya ni watoto, na hapa yuko mjane na binti wa kaka yake ambaye kesho ataolewa. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya jiko, nikaona maneno yale yana ukweli ndani yake. Alikuwa ameinamisha uso. Ndipo Nora akatoka jikoni na ungo wenye mkate na ugali na kitoweo, kanga kiunoni. Aliwahudumia wazee mmoja mmoja kwa kupiga magoti, yote mawili, kama alivyofundishwa, nao wakapokea. Alipofika kwa Masunga, Masunga akaanza kusema kwamba ameshiba. Nora hakuinuka. Alibaki magotini mbele yake, ungo mikononi.

"Baba mdogo," alisema, "ni mimi, Kabula. Chakula."

Nilidhani Masunga atakasirika. Alimtazama kwa muda mrefu, mzungu yule aliyebabuka uso, vidole vimechanwa na pamba ya marehemu. Mzee mkubwa kuliko wote, aliyekuwa karibu haoni, akaanza kucheka taratibu. "Masunga," alisema, "mtoto wa marehemu yuko chini anakupa chakula, wewe unamwambia umeshiba? Umeshibia wapi?" Wazee wote wakacheka, si kwa ubaya. Masunga alinyoosha mkono akachukua kipande cha mkate. Alitafuna. Akameza. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hata mimi nyuma ya jiko niliisikia, "Wabeja, Kabula." Asante. Wazee walimaliza kula, wakazungumzia bei ya pamba na mvua za mwaka unaokuja, na jambo lililowaleta hakuna aliyelirudia tena. Shangazi aliishi katika kaya ile mpaka mwezi uliopita.

Nora aliondoka pamba ilipokwisha kusombwa. Aliamua mwenyewe, alisema anataka kwenda kumwambia kaka yake maneno fulani, na shangazi hakumwuliza ni maneno gani. Mimi nilishavaa viatu. Kwetu mgeni anasindikizwa mpaka mbali, na Nora nilikuwa nimepanga kumsindikiza mpaka Bariadi, nikilia njia nzima. Yeye pia alikuwa amesimama langoni na begi lake anatusubiri. Shangazi alikuwa jikoni anachagua mchele. Hakutoka. Nilimwita, nikamwambia Nora anaondoka, twende tumsindikize, na yeye akaendelea kutupa vijiwe vya mchele upande mmoja wa ungo.

"Mgeni anasindikizwa," alisema. "Wa kaya anatumwa." Kisha akainua sauti ili ifike langoni. "Kabula! Ukirudi pitia dukani uniletee chumvi, imekwisha."

Nora alisimama kidogo, ametupa mgongo. Akaitikia, "Ndiyo, mayu," kama mtoto yeyote anayeitikia mama yake, akapandisha begi begani na kwenda zake peke yake. Niliingia jikoni nimefura, nimewakasirikia wote wawili. Shangazi alikuwa ameinamia ungo na mchele ulikuwa unalowa machozi. Nikanyoosha mkono kwenye rafu nichukue kopo la chumvi nitie kwenye maharage yaliyokuwa motoni, hata hiyo iliyobaki ya chini. Kopo lilikuwa limejaa.